Kuhifadhi na Kuimarisha Lipu Iliyochakaa Kwenye Majengo ya Kale

Lipu ya kale inapoanza kutoa unga au kuachana na ukuta, jambo la kwanza linalowajia mafundi wengi ni kuibandua yote na kupiga mpya. Kazi hiyo huisha kwa siku chache, lakini kinachoanguka chini hakirudi tena: alama za mwiko wa fundi wa kwanza, tabaka za rangi zilizofuatana kwa vizazi, na mchanganyiko wa chokaa na mchanga ambao ndio ushahidi pekee wa jinsi jengo lilivyojengwa. Mwongozo huu unahusu lipu ya chokaa, ya ndani na ya nje, na unaeleza jinsi ya kuibakiza ukutani. Tangu mwanzo ni vema kukubaliana juu ya maana ya kuimarisha. Hatutafuti kuigeuza lipu iwe ngumu kama jiwe, bali kuirudishia kiasi cha kiunganishi ilichopoteza, ili ishikamane tena bila kuwa ngumu kuliko ukuta unaoibeba.

Sababu ya kipimo hicho imo ndani ya chokaa yenyewe. Mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi hadi yatoe hewa ya ukaa, kisha huzimwa kwa maji na kuwa kalsiamu haidroksaidi, ile chokaa laini ambayo fundi huichanganya na mchanga. Ikishapigwa ukutani hufyonza hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti, yaani mada ileile iliyoingia tanuruni. Lipu inayopatikana kwa njia hii ina matundu mengi madogo yaliyoungana, hupitisha mvuke, na hunyumbuka kidogo ukuta unapotikisika au kutanuka. Kiimarishaji chochote kinachoziba matundu hayo, au kinachounda gamba gumu juu ya sehemu laini, huifanya lipu ionekane nzima kwa miezi kadhaa kisha ing'oke kwa vipande vikubwa kuliko vile vilivyokuwa viking'oka mwanzoni.

Maji kwanza

Karibu kila lipu iliyooza ina chanzo cha maji nyuma yake, na kuimarisha lipu kabla ya kuzuia maji ni kupoteza dawa. Kagua paa, mifereji ya mvua, maungio ya madirisha na mabomba yaliyopita ukutani. Tazama usawa wa ardhi nje ya jengo, kwa maana mara nyingi udongo au sakafu ya nje imepandishwa mwaka hadi mwaka mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Unyevu unaopanda kutoka chini huacha mstari wa chumvi na madoa unaolingana ukutani, ilhali uvujaji wa paa huacha doa lenye kichwa juu na mkia chini. Baada ya chanzo kuzibwa, ukuta mnene huweza kuchukua zaidi ya mwaka kukauka. Subira hiyo ni sehemu ya tiba, wala haifai kuharakishwa kwa majiko ya moto, kwa sababu ukaushaji wa ghafla huvuta chumvi nyingi juu ya uso kwa wakati mmoja.

Angalia pia kama kuna viraka vya saruji. Saruji ya Portland, ambayo hataza yake ilitolewa kwa Joseph Aspdin mwaka 1824, ni kitu chema mahali pake, lakini juu ya ukuta wa chokaa ni ngumu mno na hupitisha mvuke kwa shida. Maji yaliyokwama nyuma yake hutafuta njia pembeni, na ndiyo maana lipu ya kale huoza zaidi kandokando ya kiraka cha saruji. Saruji huleta pia chumvi za alkali. Hata hivyo usikimbilie kuitoa yote. Pale ambapo imeshika kwa nguvu kiasi kwamba kuing'oa kutavunja mawe au lipu nzuri iliyo jirani, mimi huiacha na kuifuatilia, kwani madhara ya patasi ni ya uhakika ilhali madhara ya kiraka kidogo hayana uhakika huo.

Kuusikiliza ukuta na kuandika

Piga picha ukuta mzima, kisha chora ramani yake kwa kipimo na uweke alama tofauti kwa kila tatizo: nyufa, sehemu zilizovimba, sehemu zinazotoa unga, chumvi, viraka, na sehemu zilizokwisha kudondoka. Angaza taa kutoka ubavuni, ikiwa karibu sambamba na ukuta, nawe utaona mivimbo ambayo macho hayakuiona mchana. Kisha gonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Lipu iliyoshika hutoa mlio mfupi na mzito, na iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Gonga kutoka sehemu nzima kuelekea sehemu mbovu na uchore mpaka kwa chaki pale mlio unapobadilika. Kwenye lipu yenye michoro, chora kwenye karatasi angavu iliyowekwa mbele ya ukuta, si juu ya lipu yenyewe. Ni muhimu kutambua kwamba utupu peke yake si ugonjwa. Zipo sehemu zilizoachana na ukuta tangu zamani, zikashikwa na kingo zake, na hazitikisiki zikibonyezwa kwa kiganja. Sehemu kama hizo zinastahili kuachwa kama zilivyo.

Chukua sampuli chache kutoka mahali palipokwisha kuvunjika. Kuyeyusha kipande katika asidi nyepesi huondoa chokaa na kuacha mchanga, ambao unaweza kupimwa uzito na kuchekechwa ili kujua ukubwa wa chembe zake. Njia hii hudanganya pale ambapo mchanga wenyewe ni wa makombe au mawe ya chokaa, kwa kuwa asidi huyeyusha vyote. Hapo kipande kikatwe chembamba na kuchunguzwa kwa hadubini. Kwa kupima udhaifu wa uso, bandika utepe wa kunata uliopimwa uzito, ubandue, kisha upime tena. Uzito ulioongezeka ni unga ulioshikwa, na kipimo hichohicho kikirudiwa baada ya matibabu kitakuonyesha kama kazi imefaulu.

Kushikilia kinachotaka kuanguka

Sehemu ambayo inaning'inia haiwezi kusubiri uchunguzi uishe. Ibandike karatasi nyembamba ya Kijapani au kitambaa cha shashi kwa gundi dhaifu inayoyeyuka kwenye maji, au iegemeze kwa ubao uliofunikwa sponji na kushikiliwa na mhimili. Ubao usisukume, bali uwe kama kiganja kinachopokea. Kwenye kingo zilizovunjika, pachika ukanda mwembamba wa chokaa na mchanga laini kati ya lipu na ukuta ili kuzuia ukingo usiendelee kupukutika. Kazi hii ndogo ya kuziba kingo ina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kuna kuta ambazo hazikuhitaji zaidi ya hiyo.

Chumvi

Chumvi ndiyo inayosaga lipu kutoka ndani. Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe hewani pale unyevu unapozidi asilimia 75 hivi na kuganda tena unaposhuka, na kila mgando husukuma kuta za vitundu vidogo. Salfati ya sodiamu ni mbaya zaidi, kwa sababu hali yake yenye maji huchukua nafasi mara nne hivi ya ile kavu. Kwanza ondoa kwa brashi kavu na laini kila kilichochanua juu ya uso, ukikusanye badala ya kukiacha kianguke chini na kurudi ukutani. Usioshe kwa maji, kwani utaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani.

Ikiwa chumvi imejaa ndani, tumia bandiko la majimaji la nyuzi za karatasi, peke yake au pamoja na udongo mweupe wa kaolini na mchanga safi, lililolowanishwa kwa maji yaliyotoharishwa na kupakwa kwa unene wa sentimita 1 hadi 2. Maji huingia ukutani, huyeyusha chumvi, kisha yanapokauka kupitia kwenye bandiko huivuta nayo. Liondoe likishakauka na kuanza kujikunja, rudia mara mbili au tatu, na kila mara pima chumvi iliyotoka. Ikiwa uso wenyewe unatoa unga, uimarishe kidogo kwanza, la sivyo bandiko litaondoka na lipu. Wala usitarajie kumaliza chumvi yote; kwenye ukuta mnene kinachowezekana ni kupunguza ile iliyo karibu na uso.

Kuunganisha tena lipu na ukuta

Hapa ndipo penye ufundi wote. Lipu iliyoachana na ukuta hujazwa kwa rojo jepesi la chokaa linalopigwa kwa bomba la sindano. Chokaa ya kawaida pekee haifai, kwa kuwa huganda kwa kufyonza hewa ya ukaa, na nyuma ya lipu hewa hiyo ni haba. Hutumiwa chokaa inayoganda hata majini, ya daraja dhaifu kabisa, au chokaa ya kawaida iliyochanganywa na pozolana kama vile majivu ya volkano au unga wa matofali ya kuchoma. Ongeza unga wa mawe ya chokaa au vipira vidogo sana vya kioo vyenye uwazi ndani, ambavyo hupunguza uzito na mnyweo. Chagua viambato visivyo na chumvi mumunyifu. Chekecha kila kitu kwa wavu mwembamba, changanya na maji machache kadiri rojo linavyoweza kupita kwenye sindano, na lijaribu kwanza kwenye kikombe cha tofali linalofyonza. Likipasuka au likiachana na kingo linapokauka, litafanya hivyohivyo ukutani, mahali ambapo hutaliona.

Uzito ndio hatari inayosahauliwa. Pengo la milimita 5 nyuma ya mita moja ya mraba ya lipu hubeba lita 5 za rojo, na rojo zito la kawaida la kiasi hicho linaweza kufika kilo 8. Tena likiwa bado bichi, rojo husukuma kama maji yanavyosukuma ukuta wa tangi, na msukumo ni mkubwa zaidi chini. Nimeona lipu iliyokuwa imetulia kwa miaka mingi ikitoka kama tumbo kwa sababu fundi alijaza kimo chote cha ukuta kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo tunajaza kutoka chini kwenda juu, kwa ngazi za sentimita 20 au 30, na kila ngazi huachwa ikakamae kabla ya kuanza inayofuata.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tumia nyufa na matundu yaliyopo kadiri iwezekanavyo. Ukilazimika kutoboa, tundu la milimita 2 hadi 4 latosha, nalo litobolewe kwa keekee ya mkono isiyogonga, mahali pasipo na mchoro. Vuta vumbi kwa mrija mwembamba. Piga maji yaliyochanganywa na alkoholi nusu kwa nusu, ambayo hupenya upesi, huosha njia, na kuuzuia ukuta mkavu usilinyonye maji rojo kabla halijafika. Tazama maji hayo yanatokea wapi, kwa sababu huko ndiko rojo litakakotokea pia; ziba nyufa hizo kwa pamba iliyoloa. Kisha piga rojo polepole, bila kulazimisha, huku mkono wa pili ukiwa umewekwa juu ya lipu. Kiganja husikia ubaridi ukipanda na husikia pia lipu ikianza kusogea, na hapo unasimama mara moja. Rojo likitokea kwenye tundu la juu, ziba la chini na uhamie huko. Kila tone lililoanguka juu ya uso lifutwe kwa sponji safi kabla halijakauka. Egemeza sehemu iliyojazwa kwa ubao wenye sponji kwa siku kadhaa, na ugonge tena baada ya wiki chache.

Si lazima kujaza kila uwazi. Sehemu pana huweza kushikiliwa na vidonge vya rojo vilivyopangwa kwa umbali, kama vifungo kwenye nguo, na uzito ukapungua sana. Pale lipu iliposhikwa na fito za mbao, na vile vichwa vya lipu vilivyopenya nyuma ya fito vikakatika, rojo halina pa kukaa. Huko hutumiwa skrubu zisizoshika kutu pamoja na vibati vyenye matundu, vinavyofichwa ndani ya tabaka la juu.

Kuimarisha uso unaotoa unga

Dawa ya kale zaidi ni maji ya chokaa, yaani maji yanayobaki juu baada ya chokaa iliyozimwa kutuama. Yawe maangavu kabisa, yahifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa, na yatumike baridi, maana chokaa huyeyuka zaidi kwenye maji baridi kuliko ya moto. Nyunyiza ukungu laini, acha lipu inywe, na usimamishe kabla ya maji kuanza kutiririka. Nchini Uingereza, kazi iliyoongozwa na mhifadhi Robert Baker kwenye mawe ya kanisa kuu la Wells iliifanya njia hii ijulikane sana, na desturi ikawa kurudia mara 40 hivi.

Hata hivyo hesabu yake inapaswa kufanywa kwa uaminifu. Lita moja ya maji kwa joto la nyuzi 20 hubeba gramu 1.7 tu za chokaa, ambazo zikikamilika kuwa kaboneti hufika gramu 2.3. Ikiwa mita moja ya mraba inakunywa lita moja kila mara, mara 40 zitaacha gramu 92, ndani ya lipu ambayo kwa unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 30 au zaidi. Na sehemu kubwa ya hizo gramu 92 hubaki karibu na uso. Kwa unga mwepesi wa juujuu hiyo yatosha, tena ni dawa isiyodhuru pale ukuta unapovumilia maji. Kwa lipu iliyooza hadi ndani, au yenye chumvi, kumwaga lita 40 za maji ni kuleta ugonjwa mpya.

Ndiyo sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, walitengeneza chokaa ya nano, yaani chembe ndogo mno za kalsiamu haidroksaidi zinazoelea ndani ya alkoholi. Kwenye mkolezo wa gramu 25 kwa lita hubeba chokaa mara 15 hivi ya ile iliyomo katika maji ya chokaa, bila kuulowesha ukuta. Lakini kosa linalotendeka mara nyingi ni kuanza na mkolezo huo. Anza na gramu 5 kwa lita, upake kwa brashi kupitia karatasi ya Kijapani au kwa bomba la sindano, na uongeze taratibu. Alkoholi inapokauka upesi huzirudisha chembe juu ya uso na kuacha utando mweupe, kwa hiyo funika ukuta usipigwe na upepo wala jua, na kama utando umeonekana uondoe kwa sponji yenye maji kidogo kabla haujakomaa. Baada ya siku moja au mbili nyunyiza ukungu wa maji, kwa kuwa chokaa haigeuki kuwa kaboneti pasipo unyevu. Usipime mafanikio kabla ya wiki nne.

Ethili siliketi, dawa ya majimaji inayoacha silika ndani ya lipu, hupenya vizuri na hufaa lipu yenye udongo au mchanga mwingi wa silika, lakini hushikamana kwa udhaifu na kaboneti tupu. Baada ya kupakwa hukataa maji kwa wiki kadhaa, basi kazi zote za majimaji zitangulie. Lipu ambayo uso wake umegeuka jasi, hasa yenye michoro, ina tiba yake iliyobuniwa Florence na mkemia Enzo Ferroni baada ya mafuriko ya mwaka 1966: kaboneti ya amonia hutangulia, kisha bariamu haidroksaidi hufuata na kuifunga salfati isiyeyuke tena. Bariamu ni sumu, na kazi hiyo ni ya mhifadhi aliyefunzwa. Kuhusu gundi za akriliki, mimi huzitumia kwa matone tu, kurudishia gamba la rangi lililoinuka. Kuzipaka ukuta mzima ni kuufunika kwa utando utakaozeeka na kuubana.

Dawa yoyote utakayochagua, ijaribu kwenye eneo dogo lisiloonekana, uliache kwa mwezi, kisha urudie kipimo cha utepe na kipimo cha jinsi uso unavyofyonza maji. Uso ulioacha kufyonza umezibwa, hata kama unapendeza kwa kuguswa.

Kujaza palipokwisha kudondoka

Viraka vichanganywe kufuata sampuli zako. Pasipo ushahidi mwingine, sehemu 1 ya chokaa laini iliyokomazwa kwa miezi 3 au zaidi kwa sehemu 3 za mchanga mkali, uliooshwa na wenye chembe za ukubwa mbalimbali, ni mwanzo mzuri, kwa sababu nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga ni theluthi hivi ya ujazo wake. Kiraka kiwe dhaifu kidogo kuliko lipu ya kale, ili kikija kuvunjika kivunjike chenyewe. Lowesha ukuta, piga tabaka zisizozidi sentimita 1, na kila tabaka likikakamaa likandamizwe kwa kibao ili kufunga nyufa za mnyweo. Kiraka kikomee ukingoni, kisipande juu ya lipu ya kale hata kwa unywele. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka sehemu mpya ilingane na jengo lakini itambulike, nami hulitimiza hilo kwa kushusha kiraka kwa milimita moja au kukipa uso ulio tofauti kidogo, huku rangi ikikaribiana na ya jirani.

Funika kwa magunia yenye unyevu yasiyogusa uso, na unyunyize ukungu mara kadhaa kwa siku kwa wiki moja angalau. Usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5. Kwa ukuta wa nje, malizia kwa tabaka kadhaa nyembamba za chokaa ya kupaka, ambazo zitaliwa na mvua badala ya lipu, na zinaweza kupakwa upya bila kugusa kilicho chini.

Chokaa mbichi huunguza. Vaa miwani ya kinga na glavu, na ikiingia jichoni osha kwa maji safi mengi bila kukatiza na uende kwa daktari mara moja. Chokaa ya nano na ethili siliketi zinahitaji hewa ipitayo, barakoa ya kuzuia mvuke, na umbali kutoka kwa moto wowote.

Kwenye ile ramani ya mwanzo, andika kila tundu lilipotobolewa, rojo kiasi gani liliingia, dawa gani, kwa mkolezo gani na mara ngapi. Rudi baada ya miezi 6, kisha kila mwaka baada ya msimu wa mvua, ukiwa na ramani hiyo na taa ya ubavuni, ugonge palepale ulipogonga mwanzo na ulinganishe mipaka.